Beseni Chini ya Mjane

“Umemkata mama miguu!” Bonge alinifokea, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. “Picha ipo nzima, dada, wewe unaipunguza kama pazia lililozidi dirisha.”

“Punguza sauti, kuna wateja. Na si mimi niliyeikata. Ilikatwa kabla hujazaliwa.”

“Sasa ya nini kuficha kitu kilichopo?”

Bonge ni mdogo wangu. Duka letu lina vyumba viwili: mbele tunauza, nyuma tunasafisha filamu za zamani na kuziweka kwenye diski ili watu wazitazame nyumbani. Yeye anashughulika na mashine. Mimi hukagua kazi kabla haijaenda kiwandani kutolewa diski kwa wingi, kwa sababu mteja akilalamika, simu inayolia ni yangu. Filamu iliyotugombanisha safari hii ilikuwa ya mama yetu mzazi. Ndiye aliyeigiza mjane, na mpaka leo kuna watu wakikutana naye sokoni humpa pole ya msiba.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Kwenye mkanda, kila picha ni karibu mraba. Lakini filamu hii haikutengenezwa ionekane hivyo. Mpiga picha alikuwa na mistari miwili kwenye kioo cha kamera, mmoja juu, mmoja chini, akapanga kila kitu katikati yake. Ukumbini, fundi wa mashine aliweka kibati chenye tundu pana mbele ya mkanda, na kilichozidi juu na chini hakikufika kwenye skrini. Bonge aliponakili mkanda kwenye kompyuta, alinakili vyote. Tayari alishapanga maneno ya kwenye kasha: “Picha nzima kwa mara ya kwanza!”

Vyote maana yake vyote. Kuna mahali mjane amesimama dirishani, uso mkavu, anaangalia jeneza la mumewe likitolewa. Ndani ya mistari unamwona mwanamke aliyekataa kulia. Nje ya mistari, chini, miguu yake imo kwenye beseni, na mwanamume amechuchumaa anaimwagia maji kwa kikombe. Mwanamume huyo ni baba.

Baba alikuwa fundi taa wa filamu ile. Alifariki Bonge akiwa bado anatambaa. Picha zake za ukutani zote amesimama wima kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Hapa tu ndipo anapojongea: anachota, anamimina, anainua macho kwa mama, anacheka.

“Jina lake hawakuliandika hata mwishoni,” Bonge alisema, sauti imeshuka. “Hii diski ikitoka bila yeye, nani atajua alikuwepo?”

Nikamwita mama, aliyekuwa mbele akipiga soga na mteja.

Alivuta kiti, akavaa miwani, akatazama picha nzima. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

“Beseni langu! Miguu ilikuwa imevimba kama mikate. Ni wewe huyo, Bonge, uko tumboni unanipiga mateke. Kila nikitaka kukaa, mpiga picha anasema bado, mama, bado kidogo.”

“Kwa hiyo tuiache hivi?”

“Muiache vipi? Huyu mwanamke ametoka kufiwa na mumewe, mwanangu. Nyinyi mnamwekea mume chini ya dirisha anamwosha miguu! Watu watacheka.”

“Wacheke. Ni baba.”

“Ni baba yako, si wa kwenye filamu. Mimi hapo chini sikuwa naigiza. Hapo chini nilikuwa mke wa mtu.” Akanyoosha kidole juu kabisa ya picha. “Na hii je?”

Huko hatukuwa tumetazama. Juu ya dirisha ilining'inia taa, imefungwa kwa kamba na kufunikwa kitambaa.

“Baba yenu alihangaika na hiyo taa kutwa nzima, ili uso wangu uonekane umepigwa na mwanga wa alfajiri. Beseni lilikuwa la mkewe. Kazi yake ni huu mwanga. Ukiionyesha taa, alfajiri iko wapi? Umemharibia.”

Bonge aliziba sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja. Akakiondoa. Akaziba tena. Kiganja kikiwepo, kulikuwa kunapambazuka usoni mwa mama. Kikiondoka, ilikuwa balbu tu.

“Bonge, sogea,” nilisema. “Kipande hiki kinakili, kaa nacho nyumbani, wanao wamtazame babu yao mpaka wachoke. Tunachouza ni filamu.”

Alinuna, lakini alinipisha kiti. Nikaupandisha mstari wa chini, kwa filamu yote, mwanzo hadi mwisho. Beseni likatoweka, na baba naye. Nikaushusha wa juu.

“Bado,” Bonge alisema nyuma yangu. “Kamba inaonekana.”

Nikaushusha kidogo tena.

“Hapo hapo. Usiguse.”

Nikabonyeza, na faili likaondoka kwenda kiwandani.