Gata la Umeme

"Toka humo, Baba! Toka!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, maji yananifika vifundoni, na mvua ya mawe inapiga bati hadi mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, kofia kichwani, mikono juu ya magoti, anatazama ukutani. Pale ukutani kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ndogo, na taa yenyewe ilikuwa imezimika. Dari la jipsamu juu ya kichwa chake lilikuwa limeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kwenye kona maji yalikuwa yanatiririka, yana rangi ya chai.

Akanigeukia. Nilimsoma midomo tu.

"Umeme utarudi," alisema.

Jamani! Mtu unaweza kumpenda mzazi wako na bado ukatamani kumpiga kibao.

Ngoja nianze na nyumba. Nyumba yetu ya zamani, palepale Bagara, hapa Babati, ilikuwa na paa la kawaida lililoinama pande mbili. Mawe yakinyesha yanabingirika, yanaanguka uani, watoto wanayaokota wanakula, basi. Hakuna aliyewahi kuyaogopa isipokuwa kwa ajili ya mahindi shambani. Halafu kaka yangu Damiani, aliyekwenda Norwe kusoma akabaki huko kufanya kazi, akatuma picha. Nyumba isiyoonekana paa! Ukuta umepandishwa juu kuzunguka pande zote, bati limefichwa nyuma yake, na kati ya bati na ukuta kuna gata la zege, mfereji wa kupitishia maji ya mvua. Kila mwenye mtoto nje alikuwa anajenga hivyo hapa mjini. Baba hakuitaka. Alisema nyumba isiyo na paa inafanana na mtu aliyenyolewa kwa nguvu. Lakini mtoto wa kwanza ametuma pesa, utamwambia nini? Nyumba ya zamani ikabomolewa, mpya ikasimama, na watu wakawa wanapunguza mwendo barabarani waitazame.

Kuna jambo mafundi wa michoro ile hawakulijua, au walilijua wakanyamaza. Hapa wingu likishuka kutoka Mlima Kwaraa linaweza kuja na mawe ya ukubwa wa kunde, au wa maharage, au siku mbaya zaidi, wa ndimu. Msimu wa kwanza tu mawe yalijaa ndani ya lile gata, yakashikamana, yakaziba matundu ya kutolea maji. Maji yakakosa pa kwenda. Yakapanda, yakaingia chini ya bati, yakatua sebuleni juu ya makochi ambayo tulikuwa hatujayatoa hata nailoni.

Baba alichukua chepe, akaegemeza ngazi, akapanda. Mzee wa miaka sabini na kitu, shati limemganda mgongoni, anachota barafu na kuitupa chini upande wa barabarani. Majirani waliojikinga barazani kwao wakamtania.

"Baba Damiani, unalima huko juu?"

"Nalima," alijibu. "Mwaka huu mavuno ni mazuri."

Walimwita Baba Damiani, kila mtu. Mimi ndiye niliyekuwa naishi naye tangu ndoa iliponishinda, mimi ndiye niliyekuwa namfulia na kumpikia kabla sijaenda kuuza chakula stendi, lakini sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akimwita Baba Xaveria. Nalisema hili wazi kwa sababu liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Ikawa ndiyo kawaida. Mawe yakianza, Baba juu. Nami nikawa nashika ngazi chini, nimejifunika beseni kichwani, roho mkononi. Lakini nyumba ilipona kila mara. Hilo lazima niliseme: chepe lilifanya kazi.

Siku moja aliteleza, akaning'inia kwenye ule ukuta wa juu kwa mikono miwili mpaka nilipopanda kumshika. Ndipo nilipompigia Damiani.

"Njoo uone nyumba yako," nilimwambia. "Njoo uone inavyomfanya baba yako."

"Xave, asipande tena. Nisikilize. Huku theluji inajaa kwenye magata hivyohivyo, na tunaimaliza kwa umeme. Ndiyo kazi ninayofanya kila siku, dada yangu. Nitawatumia."

"Sisi hatutaki vitu. Njoo wewe."

"Nitawatumia," alisema tena.

Mzigo ulikuja na padri mmoja wa jimbo letu la Mbulu aliyekuwa anarudi kutoka safari. Waya mnene mweusi uliojizungusha kama nyoka aliyelala, kidude cha kulazwa ndani ya gata ili kihisi baridi na maji, na hicho kisanduku cheupe. Baridi na maji vikikutana kwenye gata, kisanduku kinawasha waya, waya unapata moto, barafu inayeyuka inashuka zake. Tulimwita Marcelino, fundi umeme wa kule Bonga, kijana mpole asiyependa maneno. Damiani akawa anamwelekeza kwa simu ya video. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika simu juu ili uso wa kaka yangu uone vizuri. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kweupe kabisa.

Baba alivaa koti la kanisani siku hiyo. Alikaa chini ya ngazi kwenye kiti, anasikiliza sauti ya mwanawe ikitoka kwenye paa lake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Mama afariki.

Walipomaliza, ikabidi kujaribu. Barafu utaipata wapi Babati kwenye jua la mchana? Nilikwenda dukani kwa Mama Edda nikanunua barafu za mifuko, zile za ukwaju wanazonyonya wanafunzi, nikarudi nazo beseni zima. Marcelino akazipasua, akazimwaga juu ya kidude. Tukangoja. Taa ya kisanduku ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu, na baada ya muda, kwenye bomba la chini, yakaanza kutoka maji ya ukwaju. Majirani walipiga makofi! Mama Edda alipiga kigelegele. Hata mimi nilicheka, sitadanganya.

Kisha nikauliza. "Na umeme ukikatika?"

"Nitatuma betri," alisema Damiani.

"Bosi," Marcelino alisema taratibu kutoka juu, "hapa kwetu mvua ikija, umeme ndio unatangulia kuondoka."

"Najua, fundi. Nimesema nitatuma. Tumalize hiki kwanza." Halafu akamwita Baba. "Baba, sasa niahidi. Hutapanda tena huko juu. Niahidi mbele ya watu."

"Nimekuahidi, mwanangu."

Inabidi umjue baba yangu. Siku ya kipaimara changu alimwahidi padri kwamba ameacha pombe. Tangu siku hiyo, hata harusini, kikombe kikimfikia alikuwa anakipitisha kwa jirani bila kukitazama. Kwake neno likishatoka si lake tena, ni la aliyepewa. Jioni ileile alimpa Marcelino ile ngazi aondoke nayo. Nilipiga kelele. Akaniambia ngazi ya nini tena kwenye nyumba ya umeme?

Betri haikuja. Kila nikiuliza, naambiwa mwezi ujao.

Na ubaya wa mambo ni kwamba mwanzoni kile kitu kilifanya kazi. Novemba yalishuka mawe madogo, umeme kwa bahati haukukatika, taa ikawa nyekundu, gata likatiririka bila shida. Baba akaitangaza habari hiyo kila mahali, kanisani, mnadani, hata kwa watu waliokuja kununua mahindi ya shamba lake la Mutuka. Wageni walikuwa wanapelekwa chumba cha nyuma kwanza, hata kabla ya chai, kuoneshwa kisanduku. "Hiki ni Damiani," alikuwa anawaambia, akikigusa kwa kidole. Nami niko jikoni, nachambua mchele, nasikia yote.

Sasa turudi siku ile. Wingu lilikuwa jeusi tangu adhuhuri, nikafunga biashara mapema nikakimbilia nyumbani. Sijafika kwenye geti, umeme ukaondoka. Nilijua kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza katikati ya kazi. Halafu mawe yakaanza, na hayakuwa ya kunde wala ya maharage.

Nilimvuta Baba mkono pale kwenye kiti. Ninavyosema nilimvuta, nilimvuta kweli, mpaka kofia ikaanguka majini. Alikuwa mzito kwa ukaidi. Nikamwinamia sikioni.

"Baba, twende barazani. Tukae hapo tu mpaka yaishe. Nakuomba."

"Nikitoka nani atajua kama imewaka?"

"Haitawaka! Umeme hakuna! Huyo mwanao hajui hata umeme wa hapa!"

Alinitazama, na macho yake hayakuwa na hasira. "Usimseme kaka yako," alisema. "Nimemwahidi nitamwachia yeye kazi hiyo."

Nikaona kumbembeleza hakutasaidia. Kama Baba hatoki chini ya ile barafu, basi barafu itoke juu ya Baba. Nilichukua chepe nyuma ya mlango, nikakumbuka ngazi hatuna, nikatoka mbio kwenda kuazima kwa Mama Edda. Mawe yalinipiga kichwani na mabegani, nikawa nalia kwa sauti kubwa kwa sababu hakuna aliyekuwa anaweza kunisikia. Mama Edda alinipa ngazi bila kuuliza kitu. Akaja nyuma yangu, ameshika ncha moja, mimi nyingine.

Tulikuwa tumeshaingia uani. Niliona kwa macho yangu. Ule ukuta wa juu, ule unaoficha bati, uliegemea ndani taratibu, kama mtu anayeinama kuangalia kitu kisimani. Maji yalikuwa yameulowesha kwa msimu mzima, na sasa uzito wa barafu kwenye gata ukauvuta. Ukalala juu ya bati, bati likakunjika, na vyote vikashuka pamoja ndani ya chumba cha nyuma. Sauti yake haikuwa kubwa. Mawe ya mvua yalikuwa na kelele zaidi.

Nikaangusha ngazi. Sikumbuki kuita, ila Mama Edda anasema niliita mpaka sauti ikakatika.

Watu walikuja, mvua ikiwa bado inanyesha. Tulikuwa tunatoa matofali kwa mikono, tunachota barafu kwa mabeseni, tunavuta vipande vya jipsamu vilivyogeuka uji. Tulikuta kwanza mguu wa kiti. Wakati tunamfikia Baba, umeme ukarudi. Ukuta wa kisanduku ulikuwa umebaki umesimama, na taa ikawaka nyekundu. Waya ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye kipande cha gata kilichobaki, ukaanza kupata moto, na maji ya uvuguvugu yakawa yanatudondokea mgongoni wakati tunamnyanyua. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba tutakufa wote, akakimbia kuzima swichi kubwa. Baba alikuwa ameshakufa. Uso wake haukuwa na jeraha hata kidogo, ila vumbi jeupe kwenye nyusi, nikalifuta kwa khanga.

Tulimsubiri Damiani ili tuzike. Mara karatasi zake zina shida, mara ndege, mara mwajiri. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua mzee asiendelee kulala kwenye jokofu la mochwari. Hilo jokofu, nalo la baridi na umeme, nililifikiria sana. Tukamzika Mutuka kando ya shamba lake, na binamu yetu alishika simu juu wakati wa mazishi ili kaka yangu aone.

Jioni, watu wanakula, Damiani akanipigia mimi peke yangu. Nilitoka nikasimama nyuma ya maturubai. Maneno nilikuwa nimeshayaandaa. Nilikuwa nimeyatafuna msiba mzima: kwamba Baba alikufa kwa sababu alikuahidi, kwamba chepe lilikuwa linamtosha, kwamba sisi tulikuomba mtu ukatuletea waya. Nilimchukia kaka yangu saa ile kuliko nilivyowahi kumchukia hata mume aliyenifukuza. Nikafungua mdomo.

"Xave," aliniwahi. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mwishoni alisema nini?"

Upande wa pili wa turubai watu walikuwa wanaitana kugawana maji ya kunawa.

"Alisema umeme utarudi," nikamwambia.

Nilimsikia anavuta pumzi. "Ukarudi?"

"Ulirudi."

"Na taa ikawaka?"

"Iliwaka, Damiani."

"Afadhali," alisema kaka yangu, akaanza kulia. "Afadhali, Xave. Asante."

Sikumwambia ulirudi wakati gani.