Kitabu Kisichoazimwa

Uongo wa jino ulianza kwa mzaha, ukageuka kazi ya kila siku. Ikifika saa ya chakula Sindano alishika shavu, akakunja uso na kumwambia shangazi yake kwamba jino limeanza tena, anakimbia kwa daktari. Shangazi mtu, ambaye hakuwahi kumwamini daktari yeyote, alimfungia karafuu kwenye kipande cha kitambaa ili atafune njiani. Sindano alizitafuna kweli, mpaka ulimi ukafa ganzi, kwa sababu aliona aibu kuzitupa. Kisha alikata kona, akatazama nyuma, akajitoma maktabani.

Shangazi alikuwa fundi wa makochi. Alimchukua Sindano akiwa mtoto mdogo, baba wa Sindano, kaka yake, alipofariki, akampa jina hilo kwa wembamba wake na kwa mdomo wake mkali, akamlea kati ya majora ya vitambaa na vipande vya sponji. Kila alichokijua Sindano, kuanzia kukaza mikanda ya chini ya kiti mpaka kushona kona ya mto isitoe mkunjo, alikipata kwenye mikono ile. Na sasa alitaka kuondoka. Alikuwa ameona chumba mitaa michache kutoka pale, chenye mlango mpana wa kupitisha kochi bila kulilaza ubavu. Mwenye chumba alimpa hadi Ijumaa kusema ndiyo au hapana.

Kujua kushona ni jambo moja. Kujua kuendesha duka ni jambo jingine kabisa, na hapo Sindano alikuwa mtupu. Leseni inaombwa wapi? Kazi inapangiwaje bei ili mteja asikimbie na wewe usilale njaa? Angemuuliza nani? Muuza vitambaa ni rafiki wa shangazi. Seremala ni rafiki wa shangazi. Muuza sponji ndiyo usiseme, huyo neno likimwingia sikioni limeshatoka mdomoni. Kila aliyekuwa na jibu alikuwa mtu wa shangazi. Vikabaki vitabu, ambavyo angalau havina umbea.

Mkutubi, mzee mwenye mnong'ono uliosikika hadi barabarani, alimpa kwanza kitabu cha viwanda vikubwa, kisha vijitabu vya zamani ambavyo kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Mwishowe akaleta kitabu kinene cha biashara ndogo, kilichoeleza kila kitu toka kufungua duka hadi kulifunga.

"Hiki ndicho chako," alisema. "Lakini ni cha rejea. Hakiazimwi, hakitoki mlangoni. Unasomea hapa, unaniachia hapa."

Basi Sindano alikisoma kwa vipande. Mlango ukilia tu, kichwa kilizama mezani. Mara nyingine alikuta punje za sponji ya njano kwenye mkunjo wa kurasa, akazipukuta haraka huku akiilaani mikono ya gauni lake kwa kumwachia ushahidi. Alisoma habari za leseni, za bei, za wateja wanaochukua mzigo wakapotea. Sura ya wafanyakazi aliiruka. "Sina wa kumwajiri, nina wa kumkimbia," alijiambia, wala hakucheka. Lakini jambo alilolitafuta kuliko yote hakuliona popote: unamwambiaje mtu aliyekulea kwamba unakwenda kufungua duka kama lake?

Alhamisi asubuhi shangazi aliaga kwamba anafuata sponji. Sindano alisubiri apotee machoni, akafunga karakana, akatoka mbio. Kesho ndiyo Ijumaa yenyewe, na sura ya leseni ilikuwa bado haijamwingia kichwani.

"Umewahiwa," alisema mkutubi. "Anacho yule mama wa asubuhi, pale dirishani. Naye huyo akikishika hakiachi."

Sindano alitazama. Aliona mgongo tu, na ulimtosha. Ni mgongo uliombeba akiwa na homa, akiwa na usingizi, akiwa na deko. Shangazi alikuwa ameinama juu ya kitabu, futi ya kupimia ingali shingoni, miwani ambayo Sindano hajawahi kuiona ikiwa puani, kidole kikitembea polepole chini ya mstari.

Akaanza kurudi kinyumenyume.

"Dada!" mkutubi alinong'ona, na watu wote wakageuka. "Usiondoke! Kaeni tu pamoja!"

Shangazi naye aligeuka. Akaufunika ukurasa kwa kiganja kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Umenifuata?" aliuliza.

Uongo ulikuwa umeshaiva, Sindano aliuchuma tu. "Nimekuona ukiingia," alisema.

Shangazi alishusha pumzi, akaondoa kiganja. Juu ya ukurasa, kwa herufi nene, iliandikwa: Kumwachisha Mfanyakazi Kazi.

"Kaa," alisema shangazi. "Siku hizi watu wananunua makochi mapya ya bei poa, yakivunjika wanatupa. Nani analeta la zamani livalishwe upya? Kazi iliyobaki ni ya mikono miwili, na sisi tuna minne. Kila nikikwambia nafuata sponji, nipo hapa. Kitabu kinasema mfanyakazi apewe notisi kwa maandishi. Nikuandikie barua wewe? Wewe niliyekuogesha? Nimetafuta panaposema mtoto wa kaka anaambiwaje. Hapapo."

Sindano alipaswa kucheza ngoma pale pale. Mlango alioutafuta kwa hila umefunguliwa na mwenyewe. Badala yake aliutazama ukurasa tena. Ananifukuza, alifikiri. Shangazi ananifukuza mimi. Machozi yakamtoka kabla hajajua ni ya nini.

"Usilie, mwanangu." Shangazi alimshika mkono. "Sikutoi mikono mitupu. Ile mashine kubwa ni yako. Nimekukosea, acha basi nikupe mashine."

Mashine kubwa! Ndiyo pekee iliyotoboa ngozi na turubai bila kukata uzi, na bila hiyo kile chumba kingebaki chumba tu. Ilikuwa inatosha kunyamaza. Afute machozi, aseme ahsante, kesho ampe mwenye chumba jibu lake. Alilifikiria, tusimsitiri, alilifikiria mpaka kiganja kikatoa jasho ndani ya kiganja cha shangazi. Kilichomshinda ni ule mkono uliomshika. Ndio huo huo uliomfungia karafuu kila siku.

"Shangazi, jino haliniumi."

"Nini?"

"Haliniumi, wala halijawahi kuniuma. Mchana nakuja hapa kusoma hicho hicho kitabu. Nimepata chumba, nataka kufungua karakana yangu. Kesho ndiyo natoa jibu."

Shangazi aliuvuta mkono wake. Mwanamke aliyekuwa akimtoa mtu kazini dakika ile ile sasa alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Ungeniacha," alisema.

"Lakini si unanifukuza?"

"Mimi nakufukuza huku usingizi sipati! Wewe ulikuwa unaondoka huku unatafuna karafuu zangu!"

"Akina mama, sauti," alinong'ona mkutubi, kwa sauti kubwa kuliko zao.

Shangazi alivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mashine sikupi," alisema. "Nilikuwa nampa mtu niliyemkosea."

"Sawa, shangazi."

Shangazi alikifunga kitabu, akakipeleka kwa mkutubi, akashika njia ya mlangoni bila kuaga. Sindano alibaki kitini. Kupoteza mashine angevumilia. Lakini mgongo ule unaokwenda bila kugeuka ulimtia hofu ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe, na alitamani kupiga kelele kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Shangazi alisimama mlangoni.

"Paa la hicho chumba ulilitazama?" aliuliza, akiutazama ukuta. "Paa likivuja, sponji zote zinaoza."

"Sikulitazama."

"Hukulitazama." Shangazi alitikisa kichwa. "Inuka basi, twende nikakione kabla hujatoa jibu lako la kijinga. Na usinishike mkono, bado nimekasirika."