Kidonda Bila Jina

"Umenitendea wema, binti yangu, lakini umeniua," sauti ya mwanamume ilisema kwenye simu, kisha ikacheka kidogo ili kumtoa hofu.

Haikumtoka. Wenzake ofisini walimwita Kimya, na hawakumsingizia. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya picha katika kozi za uuguzi za mtandaoni, ili kompyuta iwasomee kwa sauti wanafunzi wasioona. Aliipenda kwa sababu picha hazimkodolei mtu macho.

"Nimekosea wapi, mjomba?"

"Mtihani wa vidonda vya wagonjwa waliolala muda mrefu. Picha inakuja, swali linauliza: kidonda hiki ni cha daraja gani? Kompyuta inanisomea maelezo yako: 'Kidonda cha daraja la pili.' Sasa mimi nijibu nini hapo?"

Uso ulimwaka moto.

Mjomba huyo alikuwa mkandaji wa viungo katika zahanati moja, aliyepofuka ukubwani baada ya kuugua, na alisoma kozi hiyo ili apokelewe kukanda wagonjwa wodini. Maswali yote ya picha alikuwa ameyapata. Wasahihishaji walipogundua sababu, walizuia matokeo yake.

Kimya alipofika mlangoni kwa mkuu wa kitengo, mama yule hakuzunguka mbuyu.

"Arudie leo kabla mtihani haujafungwa, au asubiri mwaka ujao. Bila huo, wodini hapokelewi." Akamtazama juu ya miwani. "Na wewe, mwanangu, andika unachokiona. Unachokijua kaa nacho."

Kusema ni rahisi. Siku zote Kimya alikuwa akizipa picha majina na kuzipita, kama mtu anayemsalimia jirani bila kusimama. Sasa ilimbidi asimame. Aliandika "kidonda kibaya", akafuta. Aliandika "kinasikitisha", akafuta, akajigunia mwenyewe. Kisha akasogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo.

Ngozi ya juu imetoka. Shimo ni la juujuu tu. Ndani ni kwekundu, kuna unyevunyevu. Mafuta hayaonekani, wala mfupa. Alifumba macho, akajisomea, akagundua hajasema kiko sehemu gani ya mwili. Nyongani, akaongeza.

Kwenye picha ya pili alikwama, akapiga simu.

"Mjomba, samahani. Rangi unazikumbuka?"

"Nyekundu naikumbuka vizuri. Mke wangu aliivaa siku niliyompeleka kwetu."

"Na waridi iliyopauka?"

"Hiyo sijui nani aliivaa, na usiniulize, yuko hapa jikoni ananisikiliza."

Kimya alicheka, mkono mdomoni. Akarudi kwenye picha. Zilipokwisha zote, mkuu alizipitia, akabonyeza kitufe cha kuzirudisha kwenye mtihani. Saa za kazi zikaisha, wenzake wakaanza kufunga mikoba. Yeye alibaki akizungusha kifuniko cha kalamu. Kama maelezo yake hayaeleweki, mtu mzima na akili zake angeanguka kwa sababu yake.

Simu ikalia.

"Binti! Nimekosa moja!"

"Pole, mjomba. Pole sana, mimi..."

"Pole ya nini? Nimefaulu! Wodini naingia! Hiyo moja nimeikosa kwa kichwa changu mwenyewe. Umesema mafuta yanaonekana, mfupa hauonekani. Mimi na ujuaji wangu nikakimbilia daraja la nne, la mfupa."

"Lilikuwa la tatu."

"Najua sasa! Na sitalisahau." Nyuma yake sauti ya kike ilidakia, "Mwambie hujala tangu asubuhi!"

Kimya alicheka mpaka waliokuwa mlangoni wakageuka. Hakuinamisha uso. Mabega yaliyokuwa yamempanda tangu asubuhi yalishuka yenyewe, na alipovuta pumzi ilifika chini kabisa.

Alipoagana naye hakuzima kompyuta. Alifungua kozi iliyofuata, ya magonjwa ya ngozi. Ulitokea mguu mdogo wa mtoto, umeshikwa kisigino na mkono wa mtu mzima. Jina la ugonjwa lilimjia ulimini mara moja.

Akaliacha hapo. Aliandika "Unyayo", akatoa vidole kwenye vitufe, akasogea karibu, akatazama.