Bibi Habebwi

Tak. Kisha kimya. Tak nyingine, kimya kirefu zaidi, na katikati ya kimya hicho nikamsikia mjomba Abibo akikiambia kigari kwamba kesho atakirudisha kisiwani kikaoze huko huko.

Mimi nilikuwa chumbani juu ya mkeka mpya, uso mweupe kwa msiro, ule uji wa mti tunaopakwa usoni, uliokwisha kukauka. Kwetu mwali hatoki nje kabla ya saa yake, wala sauti yake haifiki uani, na shangazi Aida alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake wote kuhakikisha hayo. Zaidi ya yote nilikatazwa kucheka. Msiro mkavu ukichekewa hupasuka, na mwali mwenye nyufa usoni hupelekwa kwa mume huku watu wakinong'ona kwamba hana subira. Kwa hiyo nilikaa nimekaza mashavu, nami ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyejua maana ya ile tak.

Umeme ndio kazi yangu. Nilisomea ufundi Pemba ya Msumbiji, na tangu tuliporudi kijijini, huku juu karibu na Quionga, mimi ndiye ninayetunza paneli za jua za pampu ya maji. Tak ni mlio wa swichi nene iliyo ndani ya kigari: ukikanyaga pedali inajifunga, umeme unatoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Ikilia, ufunguo ni mzima na pedali ni nzima. Basi umeme umekwama mahali fulani njiani, nawe huna budi kuufuata mpaka uone ulipokwama.

Kigari chenyewe kilikuwa kizee. Kilitoka kwenye hoteli ya visiwani iliyofungwa, upande wa Macaloe, ambako kilibeba wageni na mabegi yao: viti viwili mbele, kiti kimoja nyuma, turubai juu, na betri sita zimejificha chini ya kile kiti cha nyuma. Mjomba ni fundi wa mashua. Wenye hoteli walimpa kama shukrani ya kazi, akakivusha, na kwa mwaka mzima kilizunguka vichochoro vyetu vya mchanga, kimebeba mihogo na watoto, hakina kelele. Juzi yake tu kilitembea. Siku ya harusi yangu kikagoma.

Na harusi ile ilikuwa inakitegemea. Kwetu, aliyemlea mwali ndiye anayemtangulia akipelekwa kwa mume. Hatembei ubavuni wala nyuma. Anakwenda mbele, anaingia kwanza kwa wakwe kwa mguu wa kulia, ndipo mwali afuate. Aliyenilea mimi ni bibi yangu Chamima, na Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Hatua chache za uani anaziweza kwa mkongojo, lakini safari ya kutoka kwetu hadi kwa wakwe zangu, kina Carimo, juu ya mchanga mwepesi, hapana. Gari la kawaida halipiti katikati ya nyua zile. Vijana walijitolea kumbeba kitini.

"Kubebwa mabegani na wanaume ni siku moja tu," aliwajibu. "Ikifika siku hiyo sitabisha."

Wakamletea toroli. Akauliza kama wamemwona saruji.

Shangazi alikuwa tayari kutangulia badala yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi sikukubali. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilikwisha kuapa: kama Bibi hatangulii, sitoki.

Swala ya alasiri ilikuwa imeswaliwa na ndoa imefungwa. Kina mama walikuwa wanangoja na ngoma zao mlangoni, na jua halikuwa na nia ya kutusubiri. Nikamwita kwa jicho Neusa, rafiki yangu wa kazini, mwenyeji wa Inhambane, kusini, aliyehamishiwa huku kwenye ofisi ya maji. Akafungua mkoba wangu wa vifaa, akatoa mita, akatoka nayo hadi chini ya dirisha, kiliposimama kigari. Nikamnong'oneza la kufanya. Shangazi Aida akageuka akautazama ukuta kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Mana Sumaia, trinta e oito," Neusa akasema kwa Kireno, volti thelathini na nane. "Betri zimejaa."

"Umegusa wapi?"

"Kwenye vichwa vya betri."

Nikamwambia sasa aguse vishikio vya waya, vile vinavyobana vichwa hivyo, na mjomba akanyage. Tak. Neusa akasema namba imeanguka, imebaki mbili tu. Yaani umeme ulikuwepo kwenye betri, na pale pale, kwenye waya uliofungwa juu yake, haukuwepo. Kitu kilikuwa kimekaa katikati yao.

Kupitia kwa Neusa nilimwomba mjomba akanyage kwa nguvu asiachie. Kigari kikatikisika, kikajivuta pima moja, kikafa. Ndipo harufu ikaingia dirishani: papa anakaangwa.

"Nani huyo anapika saa hizi?" shangazi akauliza.

Hakuna aliyekuwa anapika. Nikamsikia Neusa akiwafukuza paka. Walikuwa wamekuja wa nyumba zote tatu za jirani, akasema, na wote wanainyooshea shingo betri moja, ile ya pembeni, inayotoa moshi mwembamba. Paka walikuwa wameona kwa pua kile ambacho mita ilikuwa inakitafuta.

Shangazi akachungulia nje, akamwona mjomba akikwepa macho. "Mficha uchi hazai, Abibo."

Mjomba akakohoa. Akaeleza, kwa heshima zote, kwamba jana alikiandaa kigari kwa ajili ya harusi. Alikiosha. Kisha akaona kutu ya chumvi imeanza kwenye vyuma vya betri, na kwa kuwa yeye hajawahi kukiachia chombo kiliwe na chumvi, alifungua kila waya, akapaka sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka mashua, akafunga tena. Na ili yakae vizuri, kabla ya kufunga aliyaacha yakauke juani. Akapaka tena.

"Chombo ni chombo," akamaliza.

Kisha nikamsikia Bibi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele tangu adhuhuri, amevaa, amejifukiza udi, mkongojo mapajani. "Namshukuru Mungu sikusinzia," alisema. "Ungenipaka na mimi."

Nilicheka. Nilijaribu kukibana kicheko, kikatokea puani, kisha kikatoka chote, na nikausikia msiro ukipasuka kutoka shavu hadi kidevu. Shangazi alishika kichwa. Halafu naye akacheka, na ua mzima ukafuata.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Sifa ikikauka ni ngozi, na umeme haupenyi ngozi. Wakafungua waya zote, wakasugua kwa msasa mpaka risasi ya vichwa vya betri ikang'aa, Neusa akiwa na mafuta ya taa hadi viwikoni. Wakafunga. Mjomba akasukuma kijiti kuelekea mbele, akakanyaga. Tak. Kimya.

Hapo furaha ilinikaukia. Nikamwomba Neusa amulike ndani ya kile kijiti kinachochagua mbele au nyuma. Akaniambia kipande cha shaba cha upande wa mbele kimeungua, kimekuwa cheusi na kuliwa nusu. Tulikuwa tumekikaanga sisi wenyewe kwa kukanyaga na kukanyaga. Kipya kingetoka Pemba, kama kingepatikana. Nilitaka kulia, na kwa uso ule uliopasuka ningeonekana kioja kamili.

"Na upande wa nyuma?" akauliza Bibi.

Mjomba akavuta kijiti. Kigari kikarudi nyuma taratibu, laini, bila hata kukwaruza.

"Basi kigeuzeni," Bibi akasema. "Tunamchelewesha mume wetu."

Ndivyo nilivyopelekwa kwa mume. Kigari kilitangulia kinyumenyume, mjomba amepindisha shingo kutazama anakokwenda, akipiga kelele watu wapishe, na Bibi kando yake, mgongo kwa wakwe, uso kwangu. Mila haikuvunjika: alikuwa mbele. Vigelegele vilitoka nyumba hadi nyumba. Wapo waliocheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilicheka nao, nyufa zote usoni.

Mwaka tuliokimbia vita, Bibi pia alitangulia. Alikuwa na miguu yake wakati huo. Njia nzima ya porini kuelekea Nangade nilifuata mgongo wake, kanga yake ya kijani, na fundo la nguo kichwani. Hakugeuka hata mara moja. Niliamini hakuwa na woga, nami nikaazima ujasiri wake nikautumia mpaka tulipofika. Uso wake siku zile siujui.

Siku ya harusi niliuona safari nzima. Alicheka na alilia, hakujifuta, na kila tulipopita kona alinikagua kuhakikisha nipo.

Mlangoni kwa kina Carimo mjomba alisimamisha. Bibi akashuka kwa mkongojo, akaweka mguu wa kulia ndani, kisha akageuka tena kunitazama.

Kipande cha shaba kilifika kutoka Pemba baada ya muda. Kimo ndani ya kopo la misumari la mjomba. Kila nikisema nije nikifunge, Bibi huniuliza haraka ya nini.