Msiba wa Miguu ya Eusebia

Jumapili iliyopita, baada ya kula ugali na majani ya maboga, Eusebia Mlowe alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni kwake, hapo Makambako, akapitiwa na usingizi wa mchana, akaota kwamba miguu yake imefariki na watu wamekuja kuizika. Hakushangaa. Anasema mambo yote ya ndoto ile yalikwenda kwa utaratibu, na ukiona watu wanafuata utaratibu, unadhani wanajua wanachofanya.

Eusebia ni fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na sita. Alikunywa kwa miaka kumi na tisa. Alianza na ulanzi wa msimu, pombe ya mianzi, kama wenzake wote, akaishia kwenye vichupa vya pombe kali asubuhi kabla ya chai. Novemba aliacha. Hakuna aliyemshika mkono. Alitetemeka siku tano kitandani, ya sita akaamka akaoga.

Miguu ilikuwa imekwisha kuanza kusumbua kabla ya hapo, ila pombe ilikuwa inamfichia. Sasa aliisikia vizuri. Nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa, kisha zinapoa mpaka hajui kama kandambili ziko mguuni au zimebaki njiani. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba pombe imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu; baadhi itapona polepole, mingine haitapona. Alimwandikia vidonge. Akamwambia aikague miguu yake kila siku kwa macho, maana ikijikata haitamwambia tena, na akamwambia ajifunze kuishi na maumivu. Eusebia akaitikia. Alipofika nyumbani akamwambia binti yake kuwa ni baridi.

Binti huyo, Leokadia, amekuja kukaa kwa mama yake tangu alipojifungua, kwa kuwa mume wake anaendesha lori na harudi mara kwa mara. Leokadia alikulia ndani ya ile miaka kumi na tisa. Anajua mtu anavyoshika ukuta. Kwa hiyo alipomwona mama yake anayumba koridoni, na siku nyingine anakaribia kuanguka kwa kufumba macho tu anaponawa uso, hakuuliza kitu. Aliacha tu kumwachia mtoto. Zita ana miezi minne, na Leokadia anambeba mgongoni hata anapokwenda chooni.

Eusebia aliona, akanyamaza. Kusema ukweli kungemlazimu kulitaja lile neno, na neno lile lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba hiyo tangu Novemba.

Basi akiwa kochini akaota.

Anasikia viti vya plastiki vinashushwa nje. Anafumbua macho, anakuta turubai limefungwa uani na wanawake wanachambua mchele. Mjumbe wa mtaa, mzee Msigwa, ambaye Eusebia alimshonea suti ya kijivu mwaka juzi, anaingia akiwa ameivaa suti hiyo hiyo. Anampa mkono.

"Pole sana, mama," anasema. "Tumeletewa taarifa kutoka hospitali. Miguu imekufa ganzi."

Anamwonyesha karatasi. Ni kweli imeandikwa hivyo, na muhuri upo. Eusebia anauliza kama ganzi inaua. Mjumbe anamjibu kwa upole kwamba watu wanakufa maji kila mwaka na hakuna anayebisha. Kufa ganzi ni vivyo hivyo.

Eusebia anatazama chini. Miguu yake imenyooshwa mbele yake juu ya mkeka, imefunikwa shuka jeupe kuanzia magotini. Bado ni yake, lakini watu wanapita kando yake kwa heshima ambayo yeye mwenyewe hajawahi kupewa. Cherehani imesogea mlangoni bila kusukumwa. Inaomba kukaa mbele pamoja na ndugu. Inaeleza kwamba ilifanya kazi na mguu wa kulia kwa miaka thelathini, na kwamba siku za mwisho mguu ulikuwa unaikanyaga bila kuifahamu. Wanawake wanaisogezea kiti.

Mjumbe anafungua daftari. Anasema kaburi liko tayari, kilichobaki ni ndugu wa karibu wa marehemu aweke sahihi. Eusebia anasema ndugu ni yeye. Mjumbe anatikisa kichwa.

"Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa inakwenda bila kukuuliza," anasema. "Tunamtafuta aliyekuwa anaipeleka."

Wakati anasema hivyo turubai ni lile lile, ila chini yake sasa ni kilabu cha ulanzi. Hakuna aliyetembea. Kuna benchi moja refu, na juu ya benchi amekaa mwanamke mwembamba aliyevaa sweta la kijani la Eusebia, lile lililopotea. Vumbi limemtuama magotini na kwenye mabega, vumbi la muda mrefu, na hajalipangusa.

Eusebia anamjua kabla hajageuka.

"Ulisema umeniacha," anasema Pombe. "Nikakaa pale uliponiacha."

Sauti yake haina lawama. Anaeleza kwamba hakuambiwa aende wapi, kwa hiyo hakwenda popote. Mvua zilipita, watu wengine walikuja wakamwita, akawaambia ana mtu wake. Mjumbe anaandika yote. Kisha Pombe anahamia upande mmoja wa benchi na kupapasa nafasi iliyobaki. Anasema miguu ikishazikwa Eusebia hatasikia tena moto wala barafu. Hatahitaji kutembea. Watakaa hapa wawili, na hakuna atakayemwona anayumba, kwa sababu aliyekaa hayumbi.

Mkononi ana kikombe cha plastiki, povu limefika ukingoni. Eusebia anaona mkono wake mwenyewe umeshanyooka. Hakumbuki kuunyoosha.

"Kaburi liko wapi?" anauliza, ili mkono upate la kungojea.

Wanamwonyesha. Liko sebuleni kwake, mbele ya kochi, pale pale Zita anapotandikiwa khanga acheze. Ni dogo, lina ukubwa wa sanduku la viatu, lakini halina chini. Udongo umepangwa vizuri pembeni. Leokadia amekaa kati ya wanawake wanaochambua mchele, mtoto mgongoni, na uso wake hauonekani. Kila Eusebia akihama pembe ili amwone, anaona kisogo tu.

Mjumbe anamuuliza Leokadia kama anajua marehemu aliugua nini.

"Mama huwa anasema ni baridi," anajibu Leokadia bila kugeuka.

Mjumbe anaandika: baridi. Anapiga mstari chini ya neno hilo na kusema kama ni baridi, basi hakuna mgogoro, Pombe anaweza kuweka sahihi. Wanaume wawili wanavua makoti na kushika mipini ya makoleo. Pombe anaweka kikombe chini kwa uangalifu ili apokee kalamu.

Hapo ndipo wanapofika wengine. Wanaingia mlangoni mmoja mmoja na hawaishi kuingia. Wote ni wafupi, kimo chao ni cha kiti, wote wana uso mmoja, na kila mmoja amevaa sare ya shule ya msingi. Eusebia anatambua mshono, ni wake. Hawana viatu. Nyuma kabisa wamebeba godoro lililoviringishwa, na aliye mbele ana barua.

Mjumbe anauliza wao ni nani.

"Sisi ni Maumivu."

Anawaomba mmoja wao atoe neno. Wanatazamana. Wanasema hakuna mmoja wao, hajawahi kuwapo. Wanakabidhi barua. Mjumbe anaisoma kwa sauti, na ni maandishi ya daktari: Eusebia Mlowe ajifunze kuishi na maumivu. Maumivu wanaeleza kwamba wamekuja na godoro lao, hawali sana.

"Mnakaa wapi kwa sasa?" anauliza Mjumbe.

"Kwenye nyayo. Zote mbili."

"Nyayo zimekufa."

"Sisi hatukai kwa wafu," wanasema, kama mtu anayetaja mtaa anaoishi.

Wanawake wanaacha kuchambua mchele. Mjumbe anapekua daftari huku na huku, analamba kidole, anapekua tena. Hatimaye anasema nyumba yenye wapangaji haizikwi, hilo liko wazi, lakini wapangaji lazima wawe na mwenyewe. Haya Maumivu ni ya nani?

Maumivu wananyoosha vidole, wote kwa pamoja. Nusu ya vidole vinaelekea kwa Pombe pale benchini, nusu vinaelekea kwa Eusebia. Mjumbe anasema hawezi kuandika wawili. Aliye mwenyewe ajitaje.

Eusebia anakitazama kisogo cha binti yake. Anasikia kiu kama ya ile siku ya tano kitandani. Kikombe kiko sakafuni, karibu, povu halijashuka.

"Ni yangu," anasema. "Si baridi, Leokadia. Ni pombe. Nilikunywa miaka kumi na tisa ikanila mishipa ya miguu, ndiyo maana nayumba. Nayumba nikiwa mkavu. Tangu Novemba sijagusa hata tone, na niliona bora unidhanie vibaya kuliko niseme."

Pombe anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake kwenye orodha. Anairudisha kalamu. Hainuki.

Maumivu wanaweka godoro chini, wanafunua shuka. Ndipo Eusebia anaona vidole gumba vya miguu yake vimefungwa pamoja kwa kitambaa cheupe, jinsi maiti anavyofungwa. Maumivu wanainama wote mara moja, na kwa kuwa fundo ni gumu wanaanza kulitafuna. Kila jino linalogusa linawasha moto. Moto unapanda kwenye nyayo, unapita vifundoni, na Eusebia analia, na katika kulia anawahesabu wanaomuuma, kidole kwa kidole, na hakuna kidole kilichokosa.

Akaamka.

Jua la saa tisa na nusu lilikuwa dirishani na upepo wa Julai ulikuwa unatikisa mabati. Nyayo zilikuwa zinawaka. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni na Zita mbavuni, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana amekuwa pale kwa muda.

"Nimesikia, mama," alisema.

Eusebia hakumuuliza amesikia nini. Alimwambia kadi ya hospitali iko kwenye droo ya cherehani, chini ya uzi. Leokadia akaitoa, akasoma akiwa amesimama, akarudia kusoma akiwa amekaa sakafuni. Hakulia. Alisema kwamba amekuwa akinusa vikombe vya mama yake kila asubuhi tangu alipokuja.

"Najua," alisema Eusebia. "Nilikuwa nakuona."

Leokadia alimweka mtoto kochini, ubavuni kwa bibi yake. Hakumweka mikononi, alimweka ubavuni, na yeye mwenyewe akabaki ameshika mguu mmoja wa mtoto. Zita akashika pindo la blauzi ya bibi yake na kulitia mdomoni. Wakakaa hivyo. Eusebia hakuthubutu kujisogeza.

Kisha Leokadia akaitazama tena kadi, akauliza kama leo miguu imekaguliwa. Eusebia akakiri kuwa bado. Soksi alizivaa asubuhi akienda kanisani na hajazivua. Leokadia akasogea, akavua ya kushoto, akaugeuzageuza mguu, hakuona jeraha. Akavua ya kulia.

Akausogeza mguu kwenye mwanga.

"Mama," alisema, "hiki ulijifunga mwenyewe?"

Eusebia akainama kutazama, maana hakuwa amehisi kitu. Kidole gumba kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cheupe chembamba, fundo limekazwa sana. Ncha yake iliyoning'inia ilikuwa imetafunwa, na bado ilikuwa mbichi kwa mate.