Mluzi wa Kiganjani

Mzee Nestory alikuwa akivaa mashine ya sikio tangu injini ya kusagia nafaka, aliyoihudumia ujana wake wote, ilipommaliza usikivu. Lakini ukimuuliza inasafishwaje, angekutazama kama umemuuliza ng'ombe hupikaje uji. Mwenye kujua alikuwa mkewe, Kristiana.

Kila jioni, pale mtaani kwao Izia, Kristiana alinyoosha mkono, naye Nestory akamkabidhi mashine kama mtu anavyokabidhi kofia. Mama yule alichomoa ile sehemu laini inayokaa ndani ya sikio, aliyoiita kipira, akaitoa nta kwa kijibrashi, akaifuta kwa kitambaa kikavu. Mlango wa betri aliuacha wazi hadi kuche ili unyevu utoke. Asubuhi aliufunga, akaifumbata mashine kiganjani na kutega sikio. Ikipiga mluzi, iko hai. Nestory hakuwahi kuusikia mluzi huo. Ulikuwa mwembamba mno kwake. Aliona tu mkewe akiitikia kwa kichwa, akajua kumekucha kweli.

Zamani betri zilisubiri padri aende Mbeya akazinunue. Maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa bidhaa, fundi saa mmoja wa sokoni akawa anaziuza. Ni Kristiana aliyegundua kwamba zile za saa zinafanana na za sikio kwa umbo tu. Alimrudishia fundi betri zake mbele ya wateja.

"Mume wangu si saa," alimwambia. "Nipe za sikio, au sema huna."

Kipupwe kimoja Kristiana alilala kitandani asiinuke. Ugonjwa wa kifua ulimla mwili, kisha ukaanza kuila sauti. Na ndipo mashine nayo ikanyamaza. Nestory, ambaye sasa ndiye aliyepika, alikuwa akitoka kwenye joto la moto na kuingia kwenye upepo wa uani, akirudi tena jikoni, akitoka tena, mpaka matone yakajaa ndani ya kimrija kinachounganisha mashine na kipira. Mkewe alikuwa amesinzia, hakutaka kumwamsha. Akafanya lile ambalo Mfipa yeyote angekifanyia kitu cha thamani kinachoogopa unyevu: akaiweka kwenye uchaga juu ya mafiga, kati ya mbegu za ulezi na mahindi ya mbegu. Mbegu hukaa pale msimu mzima bila kuota ukungu.

Kesho yake alishusha kitu cheusi kinachonuka moshi.

Bundala, jirani yao Msukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake, alileta maziwa akamkuta amekishika.

"Shikamoo, mzee!"

Nestory aliona midomo tu. Bundala akasogea hadi sikioni.

"SHIKAMOO!"

"Marahaba, marahaba."

Bundala alipoiona mashine ilivyojaa masizi, alicheka hadi maziwa yakamwagika. "Nyie Wafipa! Mnakausha sikio kama mbegu! Mvua ikinyesha mtalipanda?"

Kristiana akagonga kitanda kule chumbani, Bundala akasikia, na wakaingia wote wawili. Bundala aliinama kumsikiliza, kisha akamgeukia Nestory na kupaza sauti Izia nzima isikie: "ANASEMA UVAE SWETA!" Akainama tena. "ANASEMA UJI UNAUNGUA!"

Kristiana akasema lingine, refu kidogo. Safari hii Bundala hakulitangaza. Alijifuta mikono kwenye koti, akasogeza mdomo hadi kugusa sikio la Nestory ili asikie.

"Mzee, ana neno lake na wewe. Halifai kupita kinywani mwangu. Tengeneza hiyo kitu upesi." Akachukua kibuyu chake, akatoka.

Nestory akaketi ukingoni mwa kitanda. Midomo ya mkewe ilicheza, lakini hakuambulia kitu. Akaogopa. Siku chache tu zilizopita sauti ile ilikuwa ikifika mlangoni. Sasa haikuvuka ukingo wa mto aliolalia. Itakapokwisha, neno litakwenda nayo.

Mikono ya Kristiana haikuweza tena kushika kitu kidogo vile. Basi akafundisha kwa ishara. Alivuta vidole viwili kwa kuachanisha. Nestory akachomoa kipira kutoka kwenye mashine. Alisugua viganja kama anayefua. Nestory akachovya kipira kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akataka kuichovya na mashine. Kristiana akampiga kofi la mkononi, dhaifu lakini la mke. Mashine ikafutwa kwa kitambaa tu. Nestory akapeleka kimrija mdomoni apulize. Kofi jingine. Pumzi nayo ni maji! Mkewe akamwonyesha mkebe uliokuwa na kipira kingine, cha kuminya kitoe hewa, alichopewa zahanati, naye akakiminya kwenye kimrija hadi matone meusi yakaruka.

Walingoja kipira cha sikio kikauke dirishani. Alasiri akaunganisha, akafunga mlango wa betri, akaifumbata.

Kristiana akaitikia kwa kichwa: inaimba.

Kisha akafanya jambo ambalo Nestory hakulitegemea. Alijigusa kifua, akapunga mkono kuelekea mbali. Halafu akaelekeza kidole kwa mbwa wao aliyelala mlangoni. Mbwa alikuwa ameinua kichwa, masikio wima, akiutafuta mluzi ule chumba kizima. Nestory akafumbua kiganja. Mbwa akalaza kichwa. Akafumbata, mbwa akainuka tena. Nestory akaelewa: mkewe akishaondoka, mbwa ndiye atakayemsikilizia mluzi. Hata hilo alikuwa amelifikiria, mwanamke huyu. Nestory alitazama pembeni mpaka macho yalipokauka, kisha akavaa mashine.

"Baba Evodia."

Ilikuwa pumzi tu, lakini ilikuwa ya mkewe.

"Nipo."

"Kaka zangu watakuja kunichukua wanirudishe kwetu Kasense. Usikubali. Nizike hapa, pale ninapopanda maharage. Uwaambie wewe mwenyewe, usimtume mtu."

"NIMESIKIA!" Nestory alijibu kwa sauti iliyozoea kushindana na injini.

Kristiana akafumba macho, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Polepole, mzee. Bundala naye kasikia."

Nestory akainama hadi paji lake likakaribia mto. Akarudia kwa sauti ya chini, na mara hii aliisikia mwenyewe.

"Nimesikia, mama. Nitawaambia."

Akabaki ameinama vivyo hivyo, asije akapitwa na lingine.