Kiti Kitupu cha Hidima binti Dhiki

Nasabani ilikuwa nchi yenye rutuba ya ardhi na ukame wa insafu. Mji wake mkuu uligawanywa na bonde: juu, Neemani, walikaa wenye mali, chini, Mashakani, walikaa wenye kuwatumikia. Ada iliyowapa watu wa nchi hiyo fahari kubwa kuliko zote ni Baraza la Chipukizi. Kila kijana aliyetimiza miaka kumi na mitano, awe wa juu au wa chini, aliwekewa kiti barazani, ajifunze kuijadili nchi yake kabla hajairithi. Viti vilikuwa sawa kwa kimo na kwa nakshi, na usawa huo ulisifiwa katika kila hotuba. Saa ya kikao haikutajwa na mtu. Baraza liliketi saa mbili asubuhi, wakati vijana wa Neemani wamekwisha kustaftahi, na vijana wa Mashakani wamekwisha kuinamia mizigo ya watu. Viti vya hawa vilikaa vitupu mwaka baada ya mwaka, na wakubwa walitikisa vichwa wakisema kuwa ufukara huzaa uzembe, na uzembe huzaa kutoijali nchi.

Daftari la mahudhurio liliwekwa na Jaha binti Ukwasi, msichana wa miaka kumi na saba, fasaha wa ulimi na mwandiko. Mbele ya jina la kila asiyefika aliandika neno moja: hajali. Aliyeandikwa hivyo mara arobaini alishtakiwa, na akitiwa hatiani alinyimwa haki ya kusema katika mkutano wowote wa hadhara mpaka kufa kwake.

Mwaka huo zamu ilimfika Hidima binti Dhiki, msichana wa miaka kumi na sita, mtoto wa mjane wa Mashakani. Siku ya shauri Jaha aliitwa kuwa shahidi. Alikwenda na nishani ya dhahabu kifuani, aliyotunukiwa kwa hotuba yake juu ya chemchemi ya Mashakani, iliyoingia taka ikawaumiza watoto matumbo. Baba yake, Bwana Ukwasi, aliketi safu ya mbele.

Mwendesha mashtaka, Bwana Lawama, alinena kwa kirefu, akasema kwamba mti usiotaka kumwagiwa maji usilaumu jua. Kadhi Insafu, mzee mpole wa sauti na mgumu wa kuridhika, akamgeukia mshtakiwa na kumtaka ajitetee. Hidima alijibu kwamba saa za baraza alikuwa kazini. Alipoulizwa ni kazi gani na kwa nani, aliinamisha kichwa, akaomba asilazimishwe kulitaja jina la mwajiri, kwa kuwa chakula cha mama yake kilitoka huko.

Jaha alihisi uso ukimwaka. Mwajiri alikuwa baba yake. Kila asubuhi Hidima ndiye aliyepanda kilima na ndoo kichwani kujaza pipa la maji ya kuogea. Ndiye aliyepiga pasi gauni la kwendea barazani. Jaha alimwitikia salamu nyumbani, kisha akaenda kumwandika hajali. Na habari za chemchemi aliambiwa na Hidima huyo huyo, juu ya pasi, akiombwa azifikishe barazani. Alizifikisha kama zake, wakampigia makofi.

"Binti Ukwasi," alisema Kadhi, "wewe ndiwe uliyeandika. Wajua msichana huyu alikuwa wapi?"

Jaha alimtazama baba yake. Baba akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Sijui, Mheshimiwa Kadhi."

Kadhi aliinama kuliandika jibu. Hidima aliinua macho, akamtazama Jaha bila hasira na bila mshangao, kama mtu ambaye hakutazamia zaidi. Mtazamo huo ulimshinda Jaha kuliko tusi lolote.

"Nimesema uongo," alisema. "Alikuwa kwetu. Alikuwa akinitumikia mimi."

Kisha akaeleza yote, maji, pasi na hotuba, na alipofika kwenye nishani aliifunika kwa kiganja. Bwana Ukwasi alijitanda ncha ya kilemba usoni, akatoka nje.

Kadhi alimwachilia Hidima, akaamuru neno hajali lifutwe katika daftari zima. Aliamuru pia kwamba tangu siku hiyo baraza liketi alasiri, kazi zikiisha, na mwajiri atakayemzuia kijana kwenda ashtakiwe yeye. Kadhi hakumwadhibu Jaha, alisema mahakama haina adhabu ya kuipita ile aliyoiona usoni mwake.

Kwenye ngazi za nje Jaha aliivua nishani, akamnyooshea Hidima kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Hidima hakuipokea.

"Bibi Jaha," alisema taratibu, "maji nimekuletea. Nguo nimekupigia pasi. Maneno ya kusema barazani nimekupa. Na msamaha nao wataka nikuletee, leo hii?"

Akashuka zake kuelekea Mashakani, ambako mama yake alikuwa hajapata habari ya hukumu. Jaha alibaki ngazini, mikono ingali imenyooka, na watu wa Neemani wakapita wakimwamkia kwa heshima ile ile ya siku zote, na kila salamu aliyoipokea ilimchoma.